Tanki la Pili: Bakuli Lililorudi Limejaa

Bakuli lilirudi limejaa.

Antie Rugaya alilitua juu ya meza ya jikoni, akafunua kitambaa, akarudi nyuma kidogo. Koesister zote, yale maandazi ya iliki ya Jumapili, zilikuwemo, zimelala ndani ya shira yake, nazi juu, hazijaguswa hata na nzi.

Pale mtaani kwao Athlone, bakuli la Ma Gadija likitoka Jumapili asubuhi hurudi na chochote cha jirani: ndimu, samosa, sukari kidogo. Jirani akikosa kabisa, hulirudisha limeoshwa. Kulirudisha na kile kile kilichopelekwa lilikuwa jambo jipya, na Antie Rugaya alikuwa amevaa vizuri kwa ajili yake.

"Gadija," alisema, "sisi ni watu wa siku nyingi. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe, sikumtuma mtu."

"Zina nini?"

"Onja uone."

Ma Gadija aliokota moja, akaivunja, akaipeleka puani. Pua yenyewe, msomaji, si ya kuchezea. Kila mwaka Maulidi yakikaribia, wanawake hukaa msikitini wakakata majani ya mchungwa membamba kama nyuzi, wakayafunga kwenye karatasi za rangi ili wagawiwe wanaume wanaokuja kusoma. Majani yasiyotiwa uturi ni majani tu. Na uturi wa majani hayo huuchanganya Ma Gadija, kwa pua yake, bila kipimo, kama alivyokuwa akiuchanganya mama yake kabla yake.

Safari hii alinusa kwa muda mrefu. Kisha akairudisha koesister bakulini.

"Mimi sinusi kitu," alisema.

Antie Rugaya alishusha pumzi kwa huzuni kubwa, ile huzuni ya mtu aliyepata alichokifuata. "Basi ndiyo hivyo. Mtaa mzima unanusa. Pole, dada yangu. Umri ukifika, hata pua huchoka."

Ruwayda alikuwa amesimama kando ya jiko, upawa mkononi, uso umemshuka. Harufu ile aliitambua tangu kitambaa kilipofunuliwa. Ilikuwa tamu na kali, kama peremende iliyoyeyushwa ndani ya rangi ya mafuta. Haikuwa iliki wala ganda la chenza. Yalikuwa mafuta ya magari ya mbio, na yalitoka kwenye buti la gari lake.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi, mambo yako hivi. Ruwayda Samsodien ni mwalimu wa watoto wadogo, mkaza mwana wa Ma Gadija, na wanaishi nyumba moja. Ana Golf nyeupe inayompeleka kazini, inayompeleka bintiye shule, na Jumapili inayosambaza koesister za mkwewe mlango kwa mlango. Chini ya boneti ya Golf hiyo kuna turbo ambalo halina kazi yoyote na watoto wadogo.

Ruwayda alimwapia Ma Gadija kwamba hatakanyaga tena uwanja wa mbio. Aliapa Ramadhani, mkono wa mkwewe ukiwa kichwani mwake. Kiapo kilidumu hadi Idd, tena Idd yenyewe asubuhi.

Petroli ya kituoni haimudu turbo lile likipandishwa nguvu; injini huanza kugonga. Mafuta ya mbio yanaliweza, lakini hakuna mwenye akili anayeyachoma akienda kununua mkate. Kwa hiyo fundi wake wa Lansdowne, Boeta Shafiek, yaani Kaka Shafiek, alimpachikia tanki la pili, dogo, chini ya zulia la buti, mahali palipokuwa na tairi la akiba. Tanki lina pampu yake na swichi yake chini ya usukani. Swichi ikiwa chini, ni gari la mwalimu. Swichi ikipanda, watu wasogee.

"Ila nisikilize vizuri," Boeta Shafiek alikuwa amemwonya. "Humu kwenye tanki dogo isiingie petroli ya kawaida hata kwa bahati mbaya. Ukipandisha swichi na humu ndani mna petroli, pistoni zitatoboka kabla hujafika nusu ya uwanja. Hutakuwa na injini. Utakuwa na chungu."

Mumewe Igshaan, mtu mpole asiyepandisha sauti hata akimwita paka, hakuambiwa lolote.

Jumatatu baada ya shule, Ruwayda aliingia karakana ya Boeta Shafiek bila kubisha.

"Boeta, tanki lako linavuja."

"Tanki langu halivuji."

"Basi koesister za Ma zimerogwa."

Fundi alifungua buti, akainua zulia, akainama.  Alipoinuka alikuwa anakuna ndevu.

"Mpira wa kupumulia," alisema.

Tanki la mafuta, kama kiumbe kingine chochote, sharti lipumue. Jua likipiga, mafuta hupanda moto na mvuke hutafuta njia. Mpira wa tanki hili ulitakiwa upite kwenye tundu la sakafu, utokee chini ya gari, upumulie barabarani. Badala yake ulikuwa umefungwa kwa uzi ubavuni mwa buti, mdomo wake ukielekea pale pale Ruwayda anapopanga mabakuli ya mkwewe.

"Nilikuwa nimeshashika drili," Boeta Shafiek alijitetea. "Adhana ya Ijumaa ikalia."

"Halafu?"

"Halafu nikaenda kuswali. Ulitaka nitoboe gari imamu yuko juu ya mimbari?"

"Na baada ya kuswali?"

"Baada ya kuswali kulikuwa na nikahi ya binti wa Sulayman. Wakaleta biriani." Alimtazama kwa macho ya kuomba huruma. "Ulikuwepo, Ruwayda. Uliliona lile biriani."

"Nililiona."

"Basi unajua kwa nini sikurudi kwenye drili."

Ruwayda alitaka kumgombeza, lakini siku hiyo yeye mwenyewe alikula sahani mbili, akachukua gari bila kuangalia kitu. Alikaa juu ya tairi kuukuu akamtazama fundi akitoboa sakafu, akipitisha mpira, akikaza. Kazi haikuchukua hata muda wa kunywa chai. Kisha Boeta Shafiek akajaza tanki dogo mafuta mapya ya mbio hadi juu, bure, kwa aibu.

"Umepona," alisema. "Harufu imekwisha. Hakuna atakayejua."

"Hilo ndilo tatizo, Boeta. Mtaa mzima unasema pua ya Ma imekufa."

"Harufu ikiisha na maneno yataisha."

"Wewe humjui Antie Rugaya."

"Namjua. Alinifundisha madrasa." Alifuta mikono. "Jumamosi jioni unakuja au huji? Wale vijana wa Strandfontein wanakusubiri. Wanadhani ni gari la kubebea watoto."

"Nitakuja," alisema Ruwayda.

Alisema haraka, na njiani kote alijichukia kidogo kwa haraka ile.

Maneno hayakuisha. Jumanne muuza samaki alimshikia Ma Gadija samaki puani na kumweleza kwa sauti ya upole kwamba ni mbichi, asiwe na wasiwasi. Alhamisi mke wa imamu alimletea chupa ya mafuta ya habasoda, tone moja kila tundu la pua. Ma Gadija alipokea kila kitu, akashukuru, akaenda kulala. Alilala sana wiki ile. Ruwayda alimwona amejifunika shali mchana kweupe, na kila alipomwona moyo ulimchoma.

Ijumaa, wanaume wakiwa wametoka msikitini na kutawanyika, Antie Rugaya alirudi. Safari hii alikuja na kikapu kitupu.

"Gadija, tumekaa kina mama tukaona upumzike. Kesho majani yatakatwa kama kawaida, na wewe ukipenda kuja utakaa mbele, utapewa mto wa kuegemea. Ila uturi..." Aliinua kikapu juu kidogo, kikamalizia maneno yake.

"Utachanganya wewe," alisema Ma Gadija.

"Mtu lazima afanye."

Ma Gadija hakubisha. Alifungua kabati, akatoa chupa moja moja, za waridi, za oudi, na zile ndogo nyeusi za mama yake zenye vizibo vya gome, akazifuta kwa kanga ya jikoni kabla ya kuzilaza kikapuni.

Ruwayda alitazama. Akinyamaza, hakuna litakaloharibika. Kesho jioni Ma atakuwa amelala, Igshaan atakuwa msikitini, geti litakuwa wazi, na tanki litakuwa limejaa. Anachotakiwa kufanya ni kusimama tu hapo na kanzu yake ya kazini, amefunga mdomo.

Ma Gadija akafika kwenye chupa ya mama yake. Akaifuta mara ya pili.

"Antie," alisema Ruwayda, "njoo nje."

"Nina haraka, mwanangu."

"Njoo nje, Antie, tafadhali. Na kikapu chako. Na wewe, Ma."

Uani, alifungua buti la Golf, akang'oa zulia, akasimama kando. Tanki lilikaa pale likimeremeta, limekazwa kwa mikanda miwili, safi kuliko sufuria nyingi za mtaa huo.

"Hiki nini?" aliuliza Antie Rugaya.

"Tanki la mafuta."

"Kwani gari halina tanki?"

"Lina. Hili ni la pili."

"La nini?"

"La kukimbilia. Uwanjani, usiku, na watu wazima wasio na akili. Nusa hilo zulia, Antie."

Antie Rugaya alishika zulia kwa ncha za vidole, akanusa, akakunja uso. Alikuwa anaitambua ile harufu. Alimtazama Ruwayda, akamtazama Ma Gadija, na hesabu ikaanza kumharibikia kichwani.

"Kwa hiyo koesister..."

"Zilitoka jikoni nzima. Ziliharibikia humu. Ma alipozipika hakunusa kitu kwa sababu hakukuwa na kitu, na ulipozirudisha pua yake ilikuwa imejaa moshi wa kukaanga tangu Alfajiri. Kosa ni langu, na kiapo nilichovunja ni changu. Pua ya Ma haina ugonjwa."

Hapo ingefaa mtu apige kofi au alie. Hakuna aliyefanya hivyo. Antie Rugaya alitazama kikapu chake kama kimejaa mawe, akakitua juu ya boneti ya Golf.

"Basi utachanganya wewe, Gadija," alisema, kwa sauti ya mtu anayemeza kwinini bila maji. Akaondoka, na mwendo aliotoka nao pale getini haukuwa wa mtu wa umri wake. Alikuwa amepoteza uturi, lakini alikuwa amepata habari.

Ruwayda alimgeukia mkwewe.  Alitegemea kukumbatiwa, au kufukuzwa, au vyote viwili kwa mfuatano huo.

"Nani alikutuma?" aliuliza Ma Gadija.

"Ma?"

"Nimeuliza nani alikutuma kufungua mdomo."

"Nimesafisha jina lako, Ma."

"Jina langu lilikuwa limechafuka vizuri kabisa." Ma Gadija aliketi ukingoni mwa buti, kando ya tanki. "Mtoto wewe. Tangu Igshaan hajaota meno naamka Jumapili kabla ya Alfajiri, nakanda, nakaanga, nachovya. Mgongo ni wangu, vidole ni vyangu. Nikiacha, watasema kiburi kimenipanda tangu nimetoka Makka. Nikisema naumwa, watakuja kunitazama, na wakija watataka chai, na chai wataitaka na koesister. Na Maulidi ndiyo hivyo hivyo, saa nzima nimeinamia bakuli, na huyu anataka waridi zaidi na yule anataka oudi zaidi. Mwisho Mungu akaniletea Rugaya, kwa miguu yake, na bakuli mkononi. Pua imekufa. Nani atamdai kazi mtu aliyekufa pua?"

Ruwayda alihesabu siku kurudi nyuma.

"Ile Jumapili ulisema hunusi kitu."

"Nilisema."

"Kwani ulinusa?"

"Nilinusa tangu Ijumaa yenu ya biriani. Ulipoingiza hili gari uani mimi nilikuwa ukumbini, mlango umefungwa, nimefunikwa shali. Nikajua umerudi kule kwenye mbio zenu."

"Na hukusema kitu. Na Jumapili ukaniacha nipakie mabakuli."

"Wewe ulikuwa na uongo wako, mimi nikapata wangu. Uongo wetu ulikuwa unaishi vizuri nyumba moja." Alitikisa kichwa. "Nimelala wiki hii, Ruwayda. Nimelala kama bibi harusi. Sasa umenirudisha kwenye sufuria."

Aibu ilimpata Ruwayda kwanza, kisha hasira, kisha, bila ruhusa yake, kicheko kikamjia. Alikimeza. Uso wa mkwewe haukuwa wa kuchekewa.

"Haya, tuendelee," alisema Ma Gadija. "Kesho mimi niko msikitini kuanzia Adhuhuri mpaka wanaume wamalize kusoma. Nani atanipeleka?"

"Mimi, Ma."

"Nani atanisubiri anirudishe?"

"Mimi."

"Na mbio zako saa ngapi?"

 Mbio zilikuwa wakati huo huo. Angenyamaza, Ma angekuwa kitandani na yeye angekuwa uwanjani. Amesema ukweli, na ukweli umemfanya dereva wa kwenda kukata majani.

"Na kiapo?"

"Nilikivunja, Ma. Sina la kujitetea. Jumatatu tanki linatoka." Alisema hivyo akagundua kwamba ni kweli, litatoka, na iliuma kuliko alivyofikiri. Usukani wa gari lile ulikuwa mahali pekee ambapo hakuwa mwalimu wala mama wala mkaza mwana wa mtu.

Ma Gadija alimtazama. Labda aliliona hilo, labda hakuliona. Alichogusa ni kizibo cha tanki.

"Kabla halijatoka, nifungulie."

"Unataka nini humo, Ma?"

"Nimenusa mafuta ya kila aina maishani mwangu. Haya yako nimeyanusia mbali tu, kupitia mlango na kupitia unga. Nataka kuyajua."

Ruwayda alizungusha kizibo, akakitoa. Ma Gadija alishika kiuno, akainama juu ya tundu, akavuta pumzi fupi, kama anavyofanya juu ya bakuli la uturi. Akavuta nyingine. Kisha akanyooka, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Unanifanyia mzaha?"

"Mzaha gani, Ma?"

"Haya siyo yale."

"Ndiyo yenyewe. Boeta Shafiek aliyajaza Jumatatu, mimi nikiona kwa macho yangu."

"Yale yalikuwa matamu. Haya ni petroli ya kituoni, hiyo unayoweka kila siku. Hata leo unanidanganya, baada ya yote hayo?"

Ruwayda aliinamia tundu. Pua yake ilikuwa imejaa ile harufu ya zulia, haikumwambia kitu. Alichovya kidole, akakisugua, akakinusa akiwa amegeukia upepo. Haikuwa tamu. Haikuwa tamu hata kidogo.

Aliketi pale chini kwenye saruji. Kesho jioni angepandisha swichi. Angepandisha bila wazo lolote, mbele ya vijana wa Strandfontein, mwendo ukiwa mkali kuliko wote, na mbele yake injini ingepasuka.

"Ma, sikudanganyi," alisema. "Mtu ametoa yale akatia haya. Na hili gari halijalala popote isipokuwa hapa uani. Nani ameligusa?"

Ma Gadija aliuona uso wake, akamwamini. Hakusema pole. Alimnyang'anya kizibo, akakigeuza, akatafuta ule mzunguko wa mpira unaoshikwa na vidole wakati wa kukaza, akaupeleka puani. Alifumba macho.

"Ngoja," alisema. "Chini ya petroli kuna kitu."

"Kitu gani?"

"Oudi. Waridi la Taif. Na ganda la chenza, kidogo sana, kwa mbali." Alinusa tena, polepole, na sauti ikamshuka. "Mkono uliokaza hiki kizibo ulikuwa umepakwa uturi. Leo hii, si jana."

"Uturi kila mtu anao, Ma. Leo Ijumaa."

"Huu hauuzwi dukani. Niliuchanganya mwenyewe, chupa moja tu, ya bwana harusi, siku ya harusi yenu."

Mlango wa mbele ulifunguliwa, na sauti ya upole ya Igshaan ikauliza kama kuna chai.